Sufuria Iliyozidi Nusu Kilo

Mdogo wangu aliwahi kumpasua mke wake paji la uso kwa ajili ya jani moja la mchicha. Jani lenyewe, nakuapia, halikuzidi ukucha wa kidole changu cha mwisho. Lilikuwa limejificha chini ya wali, akaliona, akarusha sahani. Sahani ilimkuta wifi yangu amesimama mlangoni na jagi la maji. Nyuzi nne. Hospitali akasema ameteleza bafuni, na mimi niliyempeleka nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, bafu letu lina utelezi sana.

Umeona? Nataka kumzungumzia wifi yangu, lakini nimeanza na mumewe. Ndivyo tulivyo, mwanamke hata habari zake mwenyewe anapewa kiti cha nyuma. Ngoja nirudi nianze upya.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Ni mfupi, mweusi wa kung'aa, anacheka kwa pua kama mtu anayezuia chafya. Kidole chake cha shahada cha kushoto kina doa juu na doa chini, mahali sindano ya cherehani ilipoingia na kutokea akiwa na miaka kumi na minane. Aliichomoa mwenyewe, akafunga kidole kwa kitambaa, akamaliza pindo la gauni la watu, maana mwenye gauni alikuwa anasubiri. Aliponisimulia hivyo nilimwambia wewe una kichaa. Akacheka kwa pua. Mimi ni dobi, na chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba yao, chumba kimoja chenye meza ya kupigia pasi, kamba mbili za nguo na pasi mbili za mkaa, kwa sababu umeme wa mtaa ule ulikuwa unakuja na kuondoka unavyojisikia. Kwa miaka minane nilimsikia wifi yangu kupitia ukuta. Cherehani mchana, na jioni hayo mengine.

Mumewe, yaani mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa na bucha mtaa huohuo. Jina lake hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mizani. Alikuwa anakata nyama, anaiinua kwa mkono wa kulia, anasema ni kilo na robo, na ukiiweka kwenye mizani inakuwa kilo na robo. Watu walikuwa wanakuja kumjaribu kwa mawe, kwa vitabu, kwa viatu, na hakukosea. Mkono ule ulikuwa fahari yake. Ndio mkono huohuo aliopigia.

Chini ya sikio lake la kulia mpaka kidevuni ana kovu la moto, limekunjamana, ndevu hazioti. Nitalieleza, kwa sababu bila kovu hilo hutaelewa habari ya mboga. Baba yetu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, gogo likamponda mguu, akarudi nyumbani bila kazi na bila mguu mmoja. Miezi mingi tukala majani ya kuchemsha, asubuhi na jioni, wakati mwingine hata chumvi hamna. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu saba. Yeye majani yalimshinda. Akawa anajifanya anakula, baba akigeuka anayatupa dirishani kwa kuku wa jirani. Siku moja mimi nikamwaga mtama. Nikamwambia baba. Baba akamshika shingo, akamzamisha upande mmoja wa uso ndani ya sufuria ya majani iliyokuwa imetoka motoni sasa hivi, akamwambia kula. Sauti ile sitaieleza. Watu wazima waliponiuliza kwa nini nilisema, nilijibu kwamba kutupa chakula ni dhambi, nao wakanisifu kwa adabu yangu.

Tangu siku hiyo nilikula kiapo, sitamchongea mtu tena maisha yangu yote. Na mdogo wangu hakuniuliza kitu. Tulikua, tukazeeka kidogo, hakuniuliza. Nikajipa moyo kwamba hakujua aliyesema.

Kwa hiyo mboga hazikuingia nyumba ile. Si mchicha, si kabichi, si karoti, si biringanya. Kila siku alileta nusu kilo ya nyama ya kusaga aliyoipima kwa mkono, imefungwa kwenye gazeti, na kisu chake cha kutolea mifupa kimefungwa gazeti lingine, maana hakuamini kukiacha dukani. Wifi alipika mchuzi wa nyama, wali au viazi vya kuponda, basi. Haki ya Mungu, mchuzi wa wifi yangu ulikuwa mtamu. Mzito, mwekundu, unanukia kitunguu kilichoiva taratibu. Ukiula umechoka unasahau aliyekuchosha. Hata Mizani, akishakula, alikuwa mtu mwingine. Alimpakata mtoto, akampigia hadithi za ng'ombe wakaidi.

Mtoto wao wa kike alikuwa na miaka sita, mwembamba, tukamwita Kijiti. Kijiti alikuwepo siku ya sahani. Alikuwa amekaa karibu na baba yake, na damu ya mama yake ilimrukia kwenye kikombe cha maziwa. Baada ya hapo mtoto akiona jani kwenye chakula, hata jani la kitunguu, anaziba mdomo kwa mikono miwili na kujikojolea. Sitanii. Niliwahi kumpa mkate na kipande cha tango chumbani kwangu, baba yake yuko kazini, mlango nimefunga. Alilia mpaka akapaliwa.

Basi mtoto wa nyama na wali, nyama na wali, ndizi moja ukimbembeleza. Tumbo likafunga. Siku tisa hakwenda choo. Tumbo likavimba likawa gumu, akawa anatembea amejishika ukuta, na alipokwenda chooni mwishowe ilitoka damu, akazimia palepale sakafuni. Wifi alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nimeshika viatu. Daktari alikuwa mama mmoja mkali mwenye miwani. Aliuliza mtoto anakula nini, akaambiwa, akavua miwani. Akasema mtoto huyu anataka mboga kila siku ya Mungu, na nyingi, na kwamba akirudi tena katika hali ile hatampa dawa ya kunywa, atampeleka akapasuliwe tumbo.

Wifi alimweleza mumewe kwa upole. Mizani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika taya kwa vidole viwili, akamwambia jani likiingia kwenye nyumba hii, wewe utatoka. Halafu akaenda zake kunawa mikono. Wifi alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya rundo la mashuka ya watu. Akaniuliza kama pasi yangu inatoa moshi wa kutosha kufunika harufu ya mchicha unaochemka. Nikamwambia tutajaribu.

Jamani, yule mwanamke ni fundi. Alikuja na mkasi wake wa zamani, mkubwa, wa kukatia suti, akaukatia mchicha uzi kwa uzi mpaka ukawa vumbi. Mchicha aliuchemsha, akaukamua ndani ya kitambaa cha bitana, akaukaanga na kitunguu polepole mpaka ukijani wote ukafa ukabaki rangi ya udongo. Karoti alizikwangua kwa upande mdogo kabisa wa kikwangulio, zile tundu zinazokula vidole. Boga alilichemsha likawa uji, akalipitisha kwenye bitana nyingine. Vyote hivyo alivipeleka jikoni ndani ya kopo la vifungo, akavitia kwenye nyama ikiwa imeshakauka, na nyanya nyingi juu. Maganda nilizika kwenye ndoo yangu ya majivu.

Siku ya kwanza aliweka vijiko viwili. Mizani alikula, akalamba kijiko. Chini ya meza nilimshika wifi goti. Kijiti akaomba aongezwe. Mwezi wa pili mtoto alikuwa anakwenda choo kila asubuhi, akawa anaimba hukohuko ndani, na sisi wawili wazee wazima tumesimama nje ya mlango wa choo tunashikana mikono kwa furaha. Ndiyo, unaweza kucheka. Mwezi wa nne akaota mashavu. Mizani alikuwa anawatambia wateja kwamba mwanawe ananenepa kwa nyama tupu.

Kosa lilikuwa kwamba mambo yalinyooka. Vijiko viwili vikawa vinne, vinne vikawa bakuli. Kijiti alikuwa anakula, tumbo linafanya kazi, wifi akaona kwa nini asiongeze. Kufikia mwezi wa saba kwenye sufuria ile nyama ilikuwa mgeni. Mimi pia sikuona hatari. Tuliogopa rangi, tuliogopa harufu, tuliogopa uzi mmoja wa kijani kushika kwenye jino lake. Tukasahau kabisa kwamba tunaishi na mtu ambaye mkono wake ni mizani.

Jumapili moja, saa kumi na moja jioni, jua bado kali, tulikuwa tumekaa mezani. Wifi alikuwa anamvalisha Kijiti gauni alilomaliza kumshonea, mtoto kang'ang'ana na kola. Mizani alikuwa na furaha. Akasema kaeni, leo nawahudumia mimi. Miaka minane ya ndoa hakuwahi kuinua hata kikombe chake. Akaingia jikoni, akainua sufuria kwa mkono wa kulia, na akasimama hukohuko.

Alirudi taratibu. Akaiweka sufuria mezani, akaiinua tena, akaishusha. Akamtazama mkewe.

"Sufuria tupu naijua," akasema. "Vitunguu nimevitoa, nyanya nimezitoa, mafuta na maji nimeyatoa. Mimi nilileta nusu kilo. Humu mna zaidi ya kilo. Nani anakupa nyama?"

Hebu fikiria. Mtu mwingine yeyote angewaza kitu kingine. Mume ambaye ni fundi cherehani, au mwalimu, angesema labda umetia viazi. Lakini huyu ni mwuza nyama, kichwani mwake kitu kinachojaza sufuria ni nyama, na nyama inatoka kwa mwanamume mwenye bucha. Na mtaani palikuwa na bucha moja tu nyingine, ng'ambo ya barabara, ya mzee mmoja tuliyemwita Mapengo kwa sababu ya meno yake. Mapengo alikuwa akimwita wifi "shemeji", na mwezi uliopita wifi alimshonea aproni mbili. Niliona mdogo wangu akiziwaza zile aproni. Shingo ilimvimba.

Wifi alisema hakuna aliyempa kitu. Alisema hivyo akimtazama Kijiti, na Kijiti alikuwa ameshika kijiko, anasubiri chakula. Nilielewa palepale. Akitaja mchicha mbele ya mtoto, ndiyo mwisho, mtoto hataweka tena mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwa mama yake, na daktari ameshasema atampasua.

Mizani akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Dada, wewe uko hapa mchana kutwa. Niambie wewe."

Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya mtoto. Uongo. Nilikuwa natazama kovu lake. Nilikuwa na miaka tisa tena, namwambia baba nani anatupa chakula, na kiapo changu kikanizuia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, lingegeuza hasira yake kutoka kwa mwanamume mwingine hadi kwenye majani. Nikatazama kitambaa cha meza.

Alimpiga kwa upawa wa chuma. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, na jino lake la mbele likaruka likaangukia kwenye sahani tupu ya Kijiti, likalia kama kokoto. Mtoto akashuka chini ya meza. La pili na la tatu sikuyaona, nilikuwa nimefumba macho, niseme ukweli. Nilipofumbua alikuwa amemshika nywele, anampigiza kichwa kwenye kabati la vyombo, na kila akipigiza anauliza, ni Mapengo, ni Mapengo, na vikombe vinaanguka kimoja kimoja. Nikamrukia mgongoni. Alinitupa kwa kiwiko, nikapasuka mdomo mimi pia. Wifi hakupiga kelele. Alinitazama katikati ya damu, akatikisa kichwa kidogo, usiseme. Mama wee, mpaka leo nikikumbuka nataka kuvunja kitu.

Alipochoka kutafuta jibu alimwachia, akachukua kile kisu kutoka kwenye gazeti lake, akatoka.

Kutoka mlango wetu mpaka bucha ya Mapengo ni hatua arobaini. Nilikimbilia chumbani kwangu. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Pasi ilikuwa kwenye kigae chake, imejaa mkaa mwekundu, kwa sababu nilikuwa nimepanga nikishakula nimalizie shati la mtu. Mkono ukaishika wenyewe. Nilipotoka uani nikamwona wifi anapita mbio, kidevu chote chekundu, amekumbatia sufuria ya moto kifuani. Kijiti akanishika gauni kwa nyuma, sikuwa na nafasi ya kumfukuza.

Tulimkuta Mapengo ameegemea gogo lake la kukatia nyama, damu inatiririka kwenye vigae vyeupe. Alikuwa anakata mfupa kwa msumeno Mizani alipoingia, akawahi kuinua mkono wa kushoto, na kisu kikampasua kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Ungeweza kuona ndani. Wateja walikuwa wamejibanza ukutani, mama mmoja bado kashika mfuko wake wa maini. Mizani alikuwa anarudi kwa pigo la pili, na safari hii alilenga shingo. Mapengo alikuwa anaapa kwa wazazi wake kwamba hakumpa shemeji hata mfupa wa mbwa, na Mizani alikuwa anasema kwamba hilo neno shemeji ndilo atakalokufa nalo.

Wifi aliingia katikati yao. Akaweka sufuria kwenye karo, akachota mchuzi kwa mkono mtupu, unaunguza, akafungulia bomba. Maji yakaosha. Mafuta yakaenda, nyanya ikaenda, chembe chache za nyama zikaenda. Akafumbua kiganja, akakiweka chini ya pua ya mumewe. Kilikuwa kimejaa nyuzi za mchicha na vinukta vya karoti.

"Si nyama," alisema. Maneno yalitoka na damu, jino halipo. "Ni mchicha, ni karoti, ni boga. Nakulisha miezi saba, wewe na mwanao. Unalamba kijiko."

Mizani alikitazama kile kiganja. Kisu kilishuka. Nadhani yangeishia hapo, kweli nadhani, alikuwa amenywea, uso wake ulikuwa wa mtoto. Lakini watu walikuwa wameshajaa mlangoni, na yule mama wa maini, kwa woga au kwa ujinga, akacheka. Akasema eti mwuza nyama kalishwa majani kama mbuzi. Na mlango mzima ukacheka.

Niliona kicheko kikimwingia. Aligeuka mbogo. Alimshika mkewe koo kwa mkono wa kushoto, akamlaza juu ya gogo la Mapengo, mahali pa kukatia, kando ya ukuta, na mkono wa kulia ukaenda juu na kisu. Mkono ule wa mizani. Kijiti alikuwa ameniachia gauni, nilimsikia akisema baba, mara moja tu.

Sikufikiri. Niliukandamiza ule mkono ukutani kwa pasi, bapa lote, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Nikahesabu moyoni kama ninavyohesabu kwenye kola ngumu. Nilisikia harufu, na nilisikia ile sauti niliyosema sitaieleza. Kisu kikaanguka. Nilipoondoa pasi ngozi ilibaki kwenye chuma.

Hakunirudishia. Aliteleza ukutani mpaka chini, akakaa kwenye damu ya Mapengo, ameushikilia mkono wake mapajani. Watu hawakuwa wanacheka tena. Akaniinulia uso, upande wa kovu.

"Dada," akasema, "umeniunguza tena."

Kumbe alijua. Miaka thelathini na tatu alijua.

Askari walikuja wakamchukua. Mapengo alishonwa nyuzi thelathini na moja, vidole viwili havikunji mpaka leo, anashika nyama kwa vile vilivyobaki. Mdogo wangu alipewa miaka mitatu. Mimi nilihojiwa, nikaachiwa, kwa sababu mtaa mzima ulishuhudia. Wifi alilazwa siku tano. Alipotoka hakurudi kwenye nyumba ile hata kuchukua kijiko, mimi ndiye niliyebeba cherehani kichwani. Akapanga chumba mtaa wa tatu, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia.

Kijiti alikuwa amekiona kiganja cha mama yake. Siku tatu hakula. Alikunywa maji na chai, akafunga mdomo, akatutazama. Siku ya nne tumbo lilianza kuwa gumu, tukawa tunapanga kumpeleka kwa yule daktari, wifi ameshamvalisha viatu. Mtoto akasema ana njaa. Akamwambia mama yake hivi: "Najua unaweka. Saga tu, usinionyeshe." Akageuza kiti chake, akampa jiko mgongo. Wifi akawasha moto huku machozi yanamdondoka kwenye karoti. Na mpaka sasa, msichana ana miaka minane, hivyo ndivyo wanavyoishi. Mama anasaga, mtoto anatazama ukuta, kisha wanakula pamoja.

Nilimwomba wifi msamaha. Nilikwenda nimejiandaa, nina maneno mengi, kiapo changu, baba yetu, sufuria. Alinisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano. Akasema, "Wifi, ulikuwa unatazama kovu lake. Mimi hukunitazama." Akaendelea kushona. Ninazipiga pasi nguo zake zote anazoshona, mpaka kesho, bure, na hiyo haifuti kitu, najua.

Gerezani wanakula kabichi na maharage. Kila siku, kabichi na maharage. Mwaka wa kwanza sikwenda. Mwaka wa pili nikapiga moyo konde, nikapika nusu kilo ya nyama ya kusaga, nyama tupu, kitunguu na nyanya, nikaitia kwenye kopo. Askari wa mlangoni akaikoroga kwa kijiko chake, akaniruhusu.

Mdogo wangu alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Alikaa upande wake wa meza. Mkono wa kulia umejikunja kama jani lililopitiwa na moto, haufunguki. Aliinua kopo kwa mkono wa kushoto, akalishikilia kidogo, akaliweka chini.

"Huu haujui kitu," akasema.

Nikamwambia ni nusu kilo. Aliuliza habari za Kijiti, nikasema anakula, anakwenda choo, yuko darasa la pili. Habari za mkewe hakuuliza, na angeuliza nisingempa. Nikamwuliza kama kabichi anaila. Akasema mwanzoni alikuwa anaitupa, wenzake wakamsemea kwa askari. Halafu akaniuliza swali alilokaa nalo tangu akiwa na miaka saba.

"Kwa nini ulimwambia baba?"

Nilikuwa na lile jibu langu zuri, la dhambi ya kutupa chakula. Nimelitumia maisha yangu yote. Nikalitazama lile kovu, na mkono, kazi zangu zote mbili.

"Nilikuwa na njaa," nikamwambia. "Ulikuwa unawapa kuku. Nilitaka baba anipe mimi sehemu yako."

Askari aliangalia saa yake. Mdogo wangu akafungua kopo kwa meno na mkono mmoja, akalisukuma upande wangu, na kijiko juu yake.

"Kula," akasema.

Neno lilelile la baba, na sauti karibu ileile. Nilimtazama usoni nijue kama ananisamehe au ananilazimisha, sikuweza kujua. Nikashika kijiko, nikala nyama yote mpaka ikaisha, naye akinitazama.